Kabla ya Kufungua Kopo la Nta

Mchana, likiwa limeegeshwa kivulini, gari jeusi lililotoka kuoshwa humridhisha kila mtu. Mwenyewe hulizunguka mara moja, akajitazama kwenye mlango, akalipa na kuondoka. Usiku wa siku hiyohiyo anaingia kituo cha mafuta, anasimama chini ya zile taa nyeupe kali, na hapo gari linatoboa siri. Kila taa inayojiakisi kwenye boneti imezungukwa na nyuzinyuzi nyembamba, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui ulionasa mwanga. Anapitisha kiganja akidhani ni vumbi. Utando hautoki.

Ajaribu jambo moja: awashe tochi ya simu na kuisogeza polepole juu ya boneti. Utando nao unasogea, ukiifuata tochi kila inapokwenda. Ni kwa sababu pale hapakuwa na duara lolote. Boneti nzima imejaa mikwaruzo midogo inayoelekea kila upande, na jicho linaona ile tu iliyolala kuukinga mwanga. Mingine yote ipo, ila imejificha ikisubiri taa ije upande wake.

Mtu anayekwenda kununua nta au polishi akiwa na kero hiyo moyoni, mara nyingi hununua kopo lisilo lake. Mng'ao wa gari hautoki kwenye kopo. Unatoka kwenye usawa wa uso wa rangi. Mwanga ukigonga uso uliosawazika, unarudi wote kwa pamoja, na ndiyo maana mtu huona sura yake, mawingu na nyaya za umeme zimejichora mlangoni. Uso ukiwa umekwaruzika, mwanga unatawanyika ovyo, kama taswira kwenye maji ya ndoo yaliyotikiswa. Nta hulinda uso huo, huupa kina, na kwa siku chache huficha makosa yake. Kuusawazisha si kazi yake.

Kwanza, hiyo inayoitwa rangi ni kitu gani hasa?

Gari la leo likitoka kiwandani limevaa nguo nne. Ya ndani kabisa ni dawa ya kuzuia kutu, ambayo hugandishwa kwenye bati kwa umeme wakati bodi nzima imezamishwa kwenye birika kubwa. Juu yake kuna praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho kabisa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita kliya. Nguo zote nne kwa pamoja, katika magari mengi, zina unene wa maikroni 100 hadi 180, na maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Kliya peke yake kwa kawaida haizidi sana maikroni 50. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Kwa hiyo kila kinachofanya gari ling'ae, na kila kinachoizuia rangi isiliwe na jua, kimo ndani ya tabaka lililo jembamba kuliko unywele mmoja. Hiyo ndiyo mali aliyo nayo mwenye gari. Polishi huila; nta huifunika.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Magari ya awali yalipakwa vanishi kama magari ya kukokotwa na farasi, na kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa kwa sababu kila mkono wa rangi ulisubiri kukauka. Ford Model T, gari lililouzwa kwa mamilioni, lilitoka kwa rangi nyeusi pekee kuanzia mwaka 1914 hadi 1925. Mnamo mwaka 1923 kampuni za DuPont na General Motors zilianza kutumia rangi mpya ya nitroselulosi, iliyoitwa Duco, katika magari ya Oakland ya msimu wa 1924. Ilikauka kwa saa badala ya wiki, na ghafla magari yakaweza kuwa ya buluu. Lakini Duco ilikuwa na tabia yake: haikung'aa hadi isuguliwe, na ikikaa juani ilififia haraka. Wenye magari wakazoea kusugua na kupaka nta kama sehemu ya maisha, na kampuni zilizoanza na polishi za samani, kama Meguiar's ya mwaka 1901, zikapata soko ambalo waanzilishi wake hawakuliota.

Kliya ilienea katika miaka ya 1980, na mazoea ya zamani yakabaki. Mpaka leo wapo wanaosugua gari kila mwezi kwa kampaundi kali, kama babu alivyosugua Peugeot yake, bila kujua kwamba babu alikuwa na rangi nene ya kuchezea na wao wana nusu unywele. Kuna njia rahisi ya kujua gari ni la aina gani. Kitambaa cheupe chenye polishi kidogo kikisuguliwa mahali palipofichika kisha kikachukua rangi ya gari, gari hilo halina kliya. Hali hiyo huonekana zaidi kwenye pikapu na magari ya kazi meupe, na kwenye magari ya kale. Kitambaa kikibaki cheupe au kikashika uchafu wa kijivu tu, hapo kinachosuguliwa ni kliya.

Kwa Afrika Mashariki hesabu hii ina uzito wa pekee. Magari mengi yanayoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa ni ya mtumba kutoka Japani. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka minane. Tanzania hulipokea gari kuukuu lakini hulitoza ushuru wa ziada. Vyovyote vile, gari linapofika mikononi mwa mnunuzi kliya yake imeshakula miaka ya jua na kuoshwa, na huenda limeng'arishwa kwa mashine zaidi ya mara moja ili lipendeze kwenye picha za mnada. Kisha linakuja kuishi karibu na ikweta, kwenye jua la utosi, mara nyingi bila banda.

Matokeo yake yanajulikana kwa kila anayepita kwenye foleni ya asubuhi: gari ambalo paa na boneti zimefanya mabaka meupe, kingo za mabaka zikibanduka kama ganda la kitunguu. Hiyo ni kliya iliyokufa. Hakuna nta, polishi wala dawa ya aina yoyote iliyopata kuifufua, na muuzaji anayeahidi hivyo anachukua fedha ya bure. Dawa yake ni fundi rangi, basi.

*

Gari ambalo kliya yake ingali hai linaanza safari yake kwenye ndoo.

Mikwaruzo mingi ya ule utando wa buibui haikutoka barabarani. Imetokana na kuoshwa. Kitambaa kimoja kilichopita kwenye ringi zilizojaa tope hurudishwa kwenye ndoo, kikakamuliwa, kikapanda hadi paani. Mchanga wa kawaida ni mgumu kuliko kliya, kwa hiyo kitambaa cha namna hiyo ni msasa uliolowa, hata kama mkono unaokishika ni mwepesi na mwenye nia njema. Dawa yake haina gharama ya kutisha: ndoo mbili. Moja ina maji yenye shampuu ya gari, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia. Kitambaa au glavu ya kuoshea hutoka kwenye sabuni, hupita kwenye gari, husuuzwa kwenye ndoo ya pili, ndipo kinarudi kwenye sabuni. Huanzwa paani, huishia chini, na ringi zina kitambaa chao ambacho hakigusi bodi kamwe. Mwisho wa kazi mtu achungulie chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Mchanga uliotuama pale ndio ambao ungekuwa umechora boneti.

Sabuni nayo ina maneno yake. Sabuni ya unga na ile ya kuoshea vyombo zimetengenezwa ili zikate mafuta, na nta ni jamii ya mafuta. Gari lililopakwa nta Jumamosi likioshwa kwa sabuni ya vyombo Jumatano, fedha ya Jumamosi imemwagwa mtaroni. Matumizi yake halali ni pale mtu anapotaka kuondoa nta kuukuu ili aanze upya. Kupangusa bodi kwa mafuta ya taa au dizeli ili ing'ae ni desturi ya kuachwa kabisa: mafuta huacha utelezi unaonasa vumbi, na mng'ao wake hauvuki kesho.

Halafu kuna maji yenyewe. Visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvi au maji magumu yenye chokaa. Yakiachwa yakaukie juu ya gari, maji yanaondoka na madini yanabaki, yakiacha vijiduara vyeupe ambavyo jua huvishindilia kwenye kliya. Ndiyo maana gari huoshwa kivulini, asubuhi au jioni, na hukaushwa kwa kitambaa kizito cha maikrofaiba kabla halijakauka lenyewe. Kuliacha lipigwe na upepo barabarani ni kuyapa madini nafasi ya kujishikiza.

Gari likishakauka, kuna jaribio ambalo mafundi hodari hawaliachi. Linahitaji mfuko mwembamba wa plastiki, na kwa kuwa mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, mfuko wa mkate unatosha. Mkono huvalishwa mfuko huo, kisha vidole hupitishwa polepole juu ya boneti iliyooshwa. Kiganja kitupu kingesema ni laini. Kupitia plastiki, vidole husikia kitu kingine: chembechembe, kama chumvi iliyomwagika mezani. Ni vumbi la chuma kutoka kwenye breki, ni utomvu wa miti, ni matone ya lami na ya rangi ya jirani aliyekuwa akipulizia geti lake. Vyote vimejigandisha na shampuu haiviwezi.

Kupaka nta juu ya chembe hizo ni kuzifungia ndani. Huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, kitu kinachofanana na ule wa watoto wa kufinyangia, ambao matumizi yake kwenye magari yalianzia Japani. Bodi hulowanishwa kwa maji yenye shampuu nyingi ili iteleze, kisha kipande cha udongo kilichopapaswa kuwa bapa hupitishwa mbele na nyuma bila kukandamizwa. Mwanzoni husikika kikikwaruza. Baada ya mizunguko michache sauti inakufa na udongo unateleza kimya. Kikifunuliwa kina madoa ya kahawia na meusi, hukunjwa ili upande safi uje juu, kazi ikaendelea. Kikianguka chini, kitupwe. Hakuna kukisuuza wala kukionea huruma, kwa sababu mchanga ulioingia hautatoka. Kwa vumbi la chuma ipo pia dawa ya kupulizia, yenye harufu ya yai viza, ambayo ikikutana na chembe za chuma hugeuka zambarau na kuchuruzika mlangoni. Kwenye gari jeupe, ndipo mwenyewe hujua alikuwa akiishi na chuma kiasi gani.

Sasa bodi ni safi kwelikweli, na sasa ndipo swali la polishi linaulizwa.

*

Katika maduka ya vipuri maneno haya mawili, polishi na nta, huchanganywa, na mkanganyiko huo unaharibu magari. Polishi ina chembe ngumu za kusaga, mara nyingi za oksidi ya alumini, laini kuliko unga wa sembe. Kazi yake ni kuukwangua uso hadi ufikie karibu na kina cha mkwaruzo, ili kingo za mkwaruzo zipotee. Kampaundi ni polishi yenye chembe kali zaidi. Nta haisagi kitu; inakaa juu. Zipo chupa zinazodai kufanya yote mawili kwa pamoja, na kwa gari la kazi lisilo na makuu zinafaa kwa haraka, ila husaga kidogo na hulinda kidogo.

Kwa kuwa polishi inakula kliya, kanuni ya fundi mzuri ni kuanza na kilicho laini. Huchagua mahali pamoja kwenye boneti, akapitisha utepe wa karatasi wa mafundi rangi katikati, akang'arisha upande mmoja tu kwa polishi laini na sponji laini. Akibandua utepe, mstari unajieleza: upande huu mweusi wa kina, upande ule una ukungu wa kijivu. Ikiwa tofauti imetosha, gari zima litafanyiwa hivyo hivyo. Ikiwa haikutosha, ndipo anapopanda ngazi moja. Anayeanza na kampaundi kali na sufu kwenye mashine, kwa sababu ndiyo inayomaliza kazi upesi, amelipa kwa kliya ambayo hairudi.

Mashine zenyewe ni za aina mbili kuu. Ile ya mzunguko mmoja, ndugu wa grainda, ina nguvu nyingi na joto jingi. Mkono usiozoea ukitulia nayo sekunde chache kwenye kona ya mlango, rangi inaungua hadi praima, kwa sababu kwenye kona na mikunjo ya bodi rangi huwa nyembamba kuliko kwingine. Ile inayozunguka huku ikiyumba haina haraka, lakini ni vigumu kuharibu nayo gari, na kwa mtu anayejifunza uani kwake hiyo ndiyo ya kununua. Mafundi waangalifu hufunika kona kwa utepe na hupima unene wa rangi kwa kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi. Namba ikiruka ghafla kutoka 120 hadi 400 kwenye mlango mmoja, kifaa kimesema kile ambacho muuzaji wa gari hakukisema: mlango huo uliwahi kunyooshwa na kupigwa rangi upya.

Mikwaruzo yote haistahili kuondolewa. Ule ambao ukucha ukipita juu yake unakwama, umeshuka mno. Kuusawazisha ni kuondoa kliya yote iliyouzunguka. Upunguzwe makali yake, uachwe. Gari linalotembea litakwaruzika tena, na mwenye busara huiwekea akiba siku hiyo.

Kuna hila moja ambayo mteja anapaswa kuifahamu kabla ya kulipa. Baadhi ya polishi zina mafuta na vijazio vinavyoingia ndani ya mikwaruzo na kuifukia. Gari huondoka likiwa kioo, na baada ya kuoshwa mara mbili au tatu utando wa buibui unarudi palepale. Si lazima fundi awe tapeli. Huenda yeye mwenyewe hajui. Dawa ni kuomba sehemu ndogo ipanguswe kwa spiriti iliyochanganywa na maji baada ya polishi na kabla ya nta. Mafuta yataondoka, na kilichobaki ndicho kilichofanyika kweli. Fundi anayejiamini hatakataa.

*

Nta, kwa Mswahili, ni kwanza kabisa kazi ya nyuki. Tabora imekuwa ikisafirisha nta na asali tangu enzi za ukoloni, na nta ya nyuki ingali ndani ya makopo mengi ya kung'arishia. Lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, na boneti ya gari jeusi iliyosimama juani saa saba mchana huweza kukaribia joto hilo na kulipita. Kwa sababu hiyo mfalme wa nta za magari anatoka kwingine.

Anatoka kaskazini mashariki mwa Brazil, katika majimbo ya Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte, nchi ya ukame mrefu. Huko kuna mti wa jamii ya minazi uitwao karnauba, wenye majani yaliyokaa kama upepeo, mithili ya mvumo wetu. Ili usipoteze maji, mti huo huyapaka majani yake nta. Wakati wa kiangazi wavunaji hukata majani kwa miundu iliyofungwa kwenye fito ndefu, huyaanika juani hadi yasinyae, kisha huyapiga ili unga mweupe uanguke. Unga huyeyushwa, huchujwa na kugandishwa. Nta ya majani machanga ni ya manjano na ndiyo ghali. Ya majani makubwa ni ya kahawia. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86, na ni ngumu kiasi cha kuvunjika kama kigae. Hiyohiyo hung'arisha peremende na vidonge vya dawa.

Thamani yake iliwahi kumrusha tajiri angani. Mwaka 1935 H. F. Johnson, mkuu wa kampuni ya nta za sakafu ya Racine, Wisconsin, alisafiri kwa ndege ya kutua majini aina ya Sikorsky, aliyoipa jina la mti huo, hadi Fortaleza, mji mkuu wa Ceará, kwenda kuona kwa macho yake kama miti ingeendelea kutosheleza viwanda. Upande wa pili wa thamani hiyo ni mchungu: wakaguzi wa kazi wa serikali ya Brazil wamewakuta wavunaji wa karnauba, zaidi ya mara moja, wakiishi katika hali waliyoilinganisha na utumwa, bila malazi wala maji safi. Kopo linalopendeza rafuni lina jasho la watu, na si vibaya mnunuzi akalijua hilo.

Kwenye makopo hayo mara nyingi huandikwa kwamba karnauba ni asilimia 100. Maneno hayo yasomwe kwa makini. Karnauba tupu haipakiki. Ni kama kujaribu kupaka tofali. Lazima ichanganywe na mafuta, viyeyushi na nta nyingine ndipo iwe laini. Asilimia 100 hiyo inaeleza kuwa karnauba iliyomo haikughushiwa. Haielezi ni kiasi gani kimo. Bei kubwa peke yake si ushahidi.

Kuchagua kunategemea gari linaishije. Karnauba hulipa gari jeusi, jekundu au la kijani kibichi kina na joto fulani ambalo wapenzi wake hulitambua wakiwa mbali. Ni chaguo la magari yanayolala ndani, kama yale yanayoshindana kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi hukagua usafi na hali ya rangi kwa jicho lisilo na huruma. Kwa gari linaloshinda juani kuanzia asubuhi hadi jioni, karnauba hudumu wiki chache, mwezi au miwili ikijitahidi. Gari la namna hiyo linafaidika zaidi na nta ya kiwandani iliyotengenezwa kwa polima, ambayo hukaa miezi minne hadi sita, hupakika kwa urahisi, na kwenye rangi nyeupe na ya fedha hung'aa vizuri kuliko karnauba. Kwa watu wengi wa ukanda wetu, hiyo ndiyo ya kununua.

Juu yake kuna seramiki, kimiminika chenye asili ya silika kinachogandamana na kliya na kudumu mwaka au zaidi. Kinafanya kazi. Lakini hakizuii mawe ya barabarani, hakiponi chenyewe kikikwaruzika, na kikipakwa juu ya mikwaruzo huifungia humo kwa muda wote huo. Gharama yake kubwa ni ya maandalizi, yaani yote yaliyoelezwa hadi hapa. Anayeuziwa seramiki ya saa moja bila gari kufanyiwa udongo na polishi ameuziwa chupa tu.

Magari mawili yasipakwe nta kabisa: lile lenye rangi isiyong'aa kwa makusudi, kwani litapata madoa ya kung'aa yasiyotoka, na lile lililotoka kupigwa rangi juzi. Rangi iliyokaushwa kwa hewa, kama inavyofanyika kwenye gereji nyingi, huendelea kutoa viyeyushi kwa wiki kadhaa. Isubiriwe siku 60, na fundi aliyepaka aulizwe. Kinyume chake pia ni kweli: gari linalokwenda kupigwa rangi lisipakwe kitu chenye silikoni, maana rangi mpya itajikunyata na kuacha matundu ambayo mafundi huyaita macho ya samaki.

*

Kupaka kwenyewe ni kazi nyepesi kuliko yote yaliyotangulia. Gari liwe kivulini na bodi iwe baridi. Boneti ikiunguza kiganja, viyeyushi hukauka papo hapo na nta hung'ang'ania kama gundi. Sponji ndogo huchovywa kidogo tu, kisha nta hutandazwa kwenye eneo la ukubwa wa nusu mlango. Tabaka liwe jembamba hadi rangi ionekane wazi chini yake. Kosa linalorudiwa na kila anayeanza ni kupaka nyingi akidhani italinda zaidi. Ziada yote itaondoka na kitambaa. Haiongezi siku hata moja, inaongeza jasho la kufuta.

Plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, kwenye bampa na kando ya vioo, ziepukwe au zifunikwe kwa utepe, kwani nta ikikaukia kwenye vinyweleo vyake huacha weupe unaohitaji mswaki na uvumilivu.

Baada ya dakika chache huja ukungu. Kidole kipitishwe mara moja: kikiacha njia safi inayong'aa, iko tayari, kikiburuta na kupaka matope, isubiriwe. Kisha kitambaa safi cha maikrofaiba, kilichokunjwa mara mbili ili kiwe na pande nyingi, hufuta ukungu bila kukandamiza. Upande ukijaa, hugeuzwa. Vitambaa hivi vifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huviziba nyuzi, na visianikwe kwenye uzio wa vumbi. Mkono wa pili wa nta ni hiari, na faida yake ni kufikia sehemu ambazo wa kwanza uliruka.

Mvua ya kwanza itatoa hesabu. Maji yatajikusanya kuwa vitone vya duara vilivyosimama, na gari likianza mwendo vitakimbia kuelekea nyuma. Siku vitone vitakapoanza kulala chapa na maji kutanda kama shuka, nta imekwisha. Katikati ya siku hizo adui mkubwa ni kinyesi cha ndege, hasa kwa anayeegesha chini ya mwembe au mkungu. Kina asidi, na joto la mchana huisaidia kuchora kliya kwa saa chache tu. Nta inamnunulia mwenye gari muda, haimpi kinga ya milele. Chupa ndogo ya maji na kitambaa kimoja vikae kwenye buti. Doa lilowanishwe kwanza, liachwe lilainike, ndipo linyanyuliwe bila kusuguliwa.

Na anayeoshewa gari nje ya nyumbani anaweza kwenda na vitambaa na glavu yake mwenyewe. Vijana wa kuosha magari hawachukii. Wengi hufurahi kupewa vifaa vizuri, na kazi yao inaonekana. Kwa mwenye fedha kidogo mwezi huu, ushauri ni huu: anunue ndoo ya pili, glavu ya kuoshea, shampuu ya gari na vitambaa sita vya maikrofaiba. Nta aisubirishe hadi mwezi ujao.